Sharti la Saba

Nansio, Ukerewe
6 Machi 1995

Kwa Meneja,
Duka la Neema ya Ziwa,
Nyamagana, Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MASHINE YENU YA KUFUMA SWETA

Mimi ni yule mama niliyekuja dukani kwenu Alhamisi iliyopita na mashine mgongoni. Huenda hunikumbuki, maana hukuinua kichwa.

Mashine hiyo niliinunua kwenu tarehe 13 Februari. Niliuza ng'ombe wawili aliowaacha marehemu mume wangu. Siku ya tisa, ule mkono unaoteleza juu ya sindano ulikatika ukabaki mkononi mwangu. Sikuudondosha, wala hakuna mtoto aliyeuchezea. Nilikuwa kwenye sweta ya nne.

Shule ya msingi ya hapa imenipa kazi ya sweta za wanafunzi wote wa darasa la kwanza na la pili, ziwe tayari shule ikifunguliwa Julai. Ni mara ya kwanza kazi hiyo kupewa mtu wa hapa kisiwani. Zamani sweta zilikuwa zinatoka mjini. Nikishindwa zitarudi mjini, na mimi nitakuwa yule mjane aliyejifanya kiwanda.

Kadi yenu ya garantii inasema mwaka mmoja. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa zinazoweza kusomwa kutoka kwenye meli. Nyuma mmejaza Kiingereza cha herufi ndogo kama mayai ya chawa, na kijana wenu wa kaunta aliniambia, "Hayo mama ni mambo ya kiwandani, wewe tia sahihi hapa." Nikatia.

Naomba mnitengenezee au mnibadilishie. Ninasubiri jibu.

Modesta Maige


DUKA LA NEEMA YA ZIWA
Nyamagana, Mwanza

17 Machi 1995

Bi. Modesta Maige,
Nansio.

YAH: MADAI YA GARANTII

Barua yako ya tarehe 6 Machi imepokelewa.

Tunasikitika kukujulisha kwamba madai yako hayawezi kushughulikiwa. Sharti la saba la mkataba wa garantii, ulioutia sahihi wewe mwenyewe, linataka bidhaa irudishwe ikiwa ndani ya boksi lake la asili, lenye namba inayofanana na ya bidhaa. Wewe uliirudisha mashine ikiwa imefungwa kwenye kanga.

Duka halitajibu barua nyingine kuhusu jambo hili.

Karibu tena.

M. Muharami
Meneja

MM/bs


Nansio
23 Machi 1995

Bushra mwenzangu,

Salaam nyingi. Mama hajambo? Watoto je? Sisi tupo.

Sasa tuache salaam. Nimepata barua kutoka dukani kwenu, na chini kabisa nikaona zile herufi ndogo anazoweka mpiga chapa. bs. Bushra Saidi. Miaka miwili tulikaa dawati moja, ukinifundisha kuweka vidole kwenye taipu, leo vidole hivyo hivyo vinaniandikia "karibu tena"! Najua ni kazi. Sikulaumu wewe. Mkono wa mpiga chapa ni mkono wa bosi wake.

Lakini nieleze, kwa sababu nimekasirika hadi usingizi umenikimbia. Boksi nilitaka kuondoka nalo. Kijana wa kaunta akasema, "Mama, boksi tuachie, tutakutupia." Nikaona amenifaa. Nani asiyejua huku kwetu kwamba kitu kipya hakipandi meli na boksi lake? Ukipanda nalo, wachukuzi wanakutoza kwa ukubwa, wezi wanakuhesabu tangu gatini, na kabla hujafika nyumbani shemeji watatu wanakusubiri mlangoni na shida zao. Kitu kipya kinafungwa kwenye kitu kikuukuu. Mama yako mwenyewe alikuletea redio shuleni ndani ya gunia la mihogo, tukacheka hadi matroni akatufukuza.

Halafu mtu anaandika kwenye karatasi: leteni boksi. Boksi alilobaki nalo yeye! Bushra, huyo hakusahau. Huyo amekaa, akafikiri, akatega.

Huyo Muharami ni mtu wa Dar, amekuja mwaka juzi. Namtaka. Simtaki kwa mahakama wala kwa polisi, namtaka kwa mikono yangu. Nataka ajue jina langu. Niambie mabosi wa namna hiyo wanaumia wapi.

Ni mimi,
Modesta


Butimba, Mwanza
3 Aprili 1995

Modesta,

Barua yako imenifikia. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua. Watoto wanaendelea na shule.

Nilipoipiga chapa barua ile nilijua unaipokea wewe. Nilitaka kuongeza neno, nikashindwa. Yeye husoma kila mstari kabla ya kutia sahihi.

Nakuomba uachane naye. Si kwamba huna haki. Wapo wengi waliokuja kabla yako, wenye mashine, wenye pasi, wenye majiko ya mafuta, na wote walirudi kama ulivyorudi wewe. Mmoja alilia pale kaunta. Muharami alimsikiliza mpaka mwisho, akampa soda, kisha akamsomea sharti la saba. Ni mtu mpole, Modesta, ndiyo maana hapigwi. Na mimi kwangu wanaonitegemea ni watatu. Shirika nililokuwa nafanyia kazi lilifungwa na mashine zake za chapa zikauzwa kwa mnada, ukumbuke hilo kabla hujaniambia nitafute kazi nyingine.

Mabosi wa namna hiyo hawaumii popote.

Uliniuliza mambo mengi ambayo siwezi kuyajibu. Moja tu nitakujibu kwa sababu kila mtu pale dukani analijua: maboksi hayatupwi. Kila Jumamosi yanapelekwa Kirumba, kwa wauza dagaa.

Wako,
Bushra


Nansio
22 Aprili 1995

Bushra wee!

Nimelipata!

Siku nne nimezunguka Kirumba nikiinamisha kichwa kwenye kila boksi kama mtu aliyepoteza hereni. Wauza dagaa wakaanza kuniita mkaguzi. Siku ya nne, kwa mama mmoja anaitwa Getruda, nikaona picha ya ile mashine imelowa, yule mwanamke Mzungu wa kwenye picha amebaki na jicho moja. Pembeni namba: 40718. Nikatoa kadi yangu. 40718! Nikakaa chini pale pale kwenye magamba.

Getruda alidhani nimepandwa na mashetani. Nilipomweleza, akamwaga dagaa wake kwenye turubai, akanipa boksi bure, akasema, "Nenda kamnukishe." Linanuka, Bushra, we acha tu. Nimelala nalo chumba kimoja, asubuhi paka watano mlangoni. Lakini sharti la saba halisemi boksi linukie marashi. Nimemtafuta mwalimu wa Kiingereza akanisomea neno kwa neno. Boksi la asili, namba ileile. Basi.

Sasa sikia. Ningeweza kwenda kimya kimya, nikabadilishiwa, nikarudi nikafuma. Sitaki. Akinipa mashine kwenye kona atakuwa amenipa sadaka. Nataka watu wawepo. Nataka wale wote aliowapa soda wamwone akilishika hili boksi kwa mikono yake. Dawa ya moto ni moto.

Umesema wapo wengi. Nipe majina. Daftari la waliokataliwa unaliandika wewe, najua, wewe hata shuleni ulikuwa unaorodhesha nani amekopa sabuni. Nipe majina na vijiji, mengine niachie.

Tafadhali, Bushra. Siku moja tu katika maisha yako usiogope.

Modesta


Butimba
2 Mei 1995

Modesta,

Ndani ya bahasha hii yapo majina thelathini na moja. Jina la mwisho ni lako. Nakala nimeandika kwa mkono wa kushoto, usishangae mwandiko.

Ukiona maboksi mengine hayapatikani, na hayatapatikana, mwaka mzima umepita, usiishie kwenye kelele. Yupo wakili anaitwa Luhende, ofisi yake iko kwenye njia ya kuja Butimba. Anasaidia watu bila malipo. Anasema kuna sheria mpya ya mwaka jana ya kumlinda mnunuzi, na kwamba sharti lililotungwa makusudi ili mnunuzi asiweze kulitimiza linaweza kuvunjwa mahakamani. Tatizo ni kuthibitisha makusudi. Nenda na watu wako. Yeye atajua la kufanya.

Mambo mengine usiniulize. Wewe ni mtu mwema lakini mdomo wako hauna kizuizi. Naomba kiapo kimoja tu: usimwambie mtu yeyote, hata ukichomwa na moto, majina haya yametoka wapi.

Choma barua hii.

B.


Nansio
20 Mei 1995

Bushra binti Saidi,

Sikusalimu.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu Jumanne tulipokuja hukuwepo dukani. Walisema umeomba ruhusa kumpeleka mama hospitali. Sasa sijui hata kama hilo ni kweli.

Tulikuwa thelathini na mmoja, na Getruda wa thelathini na mbili, maana alisema hawezi kukosa. Alikuwepo Odeta kutoka Magu na pasi yake. Alikuwepo mzee Ngosha kutoka Kisesa, kabeba jiko la mafuta kichwani kama taji. Jua kali. Niliingia mbele na boksi langu, mashine ikiwa ndani, nikaliweka juu ya kaunta, juu ya kile kioo Muharami anachokifuta kila saa. Wateja wengine waliziba pua wakatoka. Muharami akaja na leso mkononi. Nikamwambia, "Sharti la saba hili hapa, bosi. Soma namba." Hakuligusa. Odeta akasema, "Tunasubiri usome." Mzee Ngosha akaanza kupiga makofi taratibu, watu wote wakafuata, hadi wapita njia wakajaa mlangoni. Akalishika, Bushra! Alilishika kwa mikono miwili, na magamba yakabaki kwenye shati lake jeupe. Akasoma namba. Akaagiza niletewe mashine mpya. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, nasema kweli.

Kisha akaniita ofisini kutia sahihi ya kupokea. Akafunga mlango, akanimiminia soda. Akasema kwa upole ule ule, "Mama Modesta, unanichukia bure. Mimi ni mtu wa pwani, ningejuaje kwamba ninyi huku hamsafiri na maboksi? Sharti la saba nilifundishwa. Na aliyenifundisha ni mtoto wa hapa hapa, kalipiga chapa mwenyewe, na nikamwongezea mshahara. Alicheka sana akinisimulia. Kuna habari ya redio kwenye gunia la mihogo."

Redio kwenye gunia la mihogo.

Hilo hakulitunga, Bushra. Hilo tulikuwa tunalijua wawili. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwona paka, kumbe panya yumo chumbani na anaandika "wako Bushra". Ulichukua ujanja wa mama zetu, ujanja wa watu wasiotaka kuibiwa, ukamuuzia mwizi. Thelathini na mmoja! Halafu ukanihurumia kwa barua.

Niliisukuma soda yake pembeni. Nikamwambia, "Na unadhani haya majina thelathini na moja nimeyaota? Muulize huyo huyo mwalimu wako. Kayaandika kwa mkono wa kushoto."

Sijuti. Nimelala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza tangu Februari. Wewe uliniuza, na mimi nimekuuza. Malipo ni hapa hapa duniani.

Kesi ya wengine itasikilizwa Jumatano tarehe 14 Juni. Wakili Luhende anasema ana shahidi mmoja mzito wa kuthibitisha makusudi, hataki kumtaja. Siku hiyo Muharami atakwisha, na wewe utakuwa umekaa nje ukitafuta kazi.

Modesta Maige


Mwanza
30 Mei 1995

Mama Sabina,

Nakuita kwa jina la mwanao kwa sababu lile lingine tulilizoea tukiwa watu wengine.

Nilifukuzwa asubuhi ya Jumatano, nusu saa baada ya kufika. Muharami hakupandisha sauti. Alisema, "Umenisaidia kufungua na umenisaidia kufunga." Sikuruhusiwa kufungua mtoto wa meza. Kijana wa kaunta alinisindikiza hadi barabarani akiwa ameshika chai yake.

Sasa nisome vizuri. Nitaandika mara moja tu.

Ni kweli nilimsimulia habari ya redio. Siku hiyo aliniuliza kwa nini wateja wanaacha maboksi, akiwa anacheka, nami nikacheka, nikamsimulia kama unavyomsimulia mgeni mambo ya kwenu. Wiki iliyofuata akanipa karatasi nipige chapa. Sharti la saba lilikuwa pale, kwa mwandiko wake, na pembeni ameandika: "boksi, kwa sababu hawabebi". Nikaelewa. Nikapiga chapa. Mwezi uliofuata akaniongezea mshahara, nikapokea. Hayo ndiyo makosa yangu, sipunguzi hata nukta. Ila ile karatasi sikuitupa. Niliificha kwenye mtoto wa meza, chini ya kaboni, na imekaa humo mwaka mzima ikinitazama.

Barua yako ya Machi ndiyo iliyonimaliza. Mwezi wa Aprili nilikwenda kwa Luhende. Nilimwambia yote. Tulikubaliana nibaki kazini kimya, jina langu lisitajwe, na asubuhi ya tarehe 14 nitoke dukani na ile karatasi nikasimame mahakamani. Mfanyakazi wake mwenyewe, na mwandiko wake mwenyewe.

Shahidi mzito alikuwa mimi, Modesta.

Sikukuambia kwa sababu nilikujua. Nilijua ungemwambia Getruda, Getruda angeambia soko. Nilikosea kukuogopa kidogo, ningekuogopa sana. Muharami hakujua nani ametoa majina. Alikuwa na wafanyakazi sita wa kuwashuku. Alikufungia mlango, akakupa soda, akakuchokoza kidogo ili useme, nawe ukasema. Ulimpa bure kile ambacho angekilipia.

Luhende ananiomba nije hata hivyo. Anasema nisimame bila karatasi. Najua nitakachoulizwa: "Wewe si ndiye uliyefukuzwa kazi? Huna chuki na mdaiwa?" Mtu aliyefukuzwa akisema kweli, kweli yake inaitwa kisasi. Ningeweza kuvumilia hilo kwa ajili ya wale thelathini. Nimekaa siku kumi nikijilazimisha.

Siwezi. Nikifumba macho nakuona umelala vizuri.

Kesho ninapanda basi na mama na watoto kwenda Musoma kwa kaka yangu. Tarehe 14 nitakuwa nauza vitumbua huko. Jina langu litaitwa na hakuna atakayeitika. Mzee Ngosha atageuka kukuuliza huyo Bushra ni nani na yuko wapi. Odeta atakuuliza. Mwaka huu wote ulitaka kusimama mbele ya watu. Simama, uwajibu.

Bushra Saidi


Nansio
3 Julai 1995

Kwa Bushra Saidi,
kwa mkono wa kaka yake, Musoma.

Bushra,

Waliita jina lako mara tatu. Karani alitoka hadi ukumbini akaliita na huko.

Barua yako niliipata siku mbili kabla. Usiku kucha nilikuandikia majibu ya matusi, nikayachana. Asubuhi ya kesi nikajiambia nitakaa kimya, nani atajua? Luhende alijua umekwenda, hakujua Muharami alikugundua vipi. Ningeweza kukaa kimya hadi leo.

Mzee Ngosha hakuniuliza. Alikaa tu na jiko lake miguuni, alikuja nalo mahakamani akidhani litahitajika, na kila mlango ulipolia aligeuka akitegemea ni wewe. Baada ya jina lako kuitwa mara ya tatu nikasimama. Hakimu akaniambia nikae. Nikasema kabla sijakaa. Nilisema kulikuwa na shahidi na kulikuwa na karatasi, na mimi kwa mdomo wangu ndiye niliyempelekea Muharami vyote viwili, kwa hasira, nikiwa na mashine mpya mkononi. Hakimu akasema hayo si ushahidi, ni majuto. Muharami alikuwa mstari wa pili. Aliniitikia kwa kichwa, kama mtu anayemshukuru mteja.

Sahihi walizotia kwenye mikataba zimesimama. Kesi imetupwa. Odeta alikunja kanga yake, akaniambia, "Wewe ulishapata yako, sivyo?" Hakungoja nijibu. Wakati wa kurudi, Getruda alikuja hadi gatini kuaga watu wa visiwani, akampa kila mtu mkono, akanipita.

Kama ulitaka kunilipa, umenilipa. Sikuandikii kuomba radhi, maana bado nina hasira na wewe, kila nikikumbuka ulivyocheka na yule mtu kuhusu mama yako. Na wewe baki na ya kwako, una haki nayo. Nimeandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Shule imefunguliwa leo. Kazi ya sweta mwalimu mkuu amempa Paskazia, anayefuma kwa mikono na hatamaliza kabla ya Septemba. Alisema wazazi wamekataa zitoke kwangu. Mwanamke mmoja kati ya wale thelathini anatoka kijiji cha pili kutoka hapa, na habari haikuhitaji meli.

Mashine mpya ni nzuri. Nimeijaribu, haikwami popote. Tangu nirudi kutoka mahakamani hakuna mtu aliyeniletea uzi.

Modesta